Ngoma ya Kumwita Mjakazi

Mwaka ule wa korona, Kuo Pi-yun alikuwa na mume asiyetaka kumtazama.

Hawakuwa wamegombana. Lai Teng-hok alipatwa na kiharusi mwanzoni mwa mwaka, sokoni, akiwa anachagua chaza wa supu, na tangu siku ile upande wake wa kulia ukawa kama umekodishwa na mtu mwingine. Maneno nayo yakamkimbia. Pi-yun alimuuguza nyumbani mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma, ndipo akampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa kule Douliu. Akawa anapanda basi kwenda kumwona, kakumbatia chombo cha uji wa viazi vitamu, maana uji wa kule aliuita maji ya kuoshea mchele. Halafu ugonjwa ukapamba moto kisiwani, nyumba zile zikafungiwa wageni, na yeye akabaki na mume wa ndani ya kioo.

Mtunzaji wa Teng-hok alikuwa binti wa Kijava anayeitwa Wulan, mpole, mwenye utani mwingi. Kila baada ya chakula cha mchana aliegemeza tableti kwenye meza ya kitanda na kupiga.

"Mwalimu, mkeo huyu hapa. Leo kachana nywele, sijui anakwenda wapi."

Teng-hok aligeukia ukutani.

"Amekula?" Pi-yun aliuliza.

"Amekula, shangazi. Samaki kamaliza, mboga kanigawia mimi."

"Hebu mgeuze kidogo nimwone."

"Nikimgeuza anafumba macho. Jana kajifanya anakoroma."

Basi Pi-yun alizungumza na kisogo. Alikieleza kisogo kile habari za bomba la jikoni, na mbwa wa jirani aliyezaa chini ya ngazi, na bei ya vitunguu. Kisogo kilisikiliza hadi mwisho, wala hakikutikisika.

Hakujua kama ile ni aibu au hasira. Ikiwa ni aibu, ilieleweka: huyu alikuwa mtu asiyeweza kukaa mbele ya ngoma kabla hajalowesha kitana na kulaza nywele zake, leo mdomo umepinda upande mmoja, mate yanamtoka bila ruhusa. Na ikiwa ni hasira, hiyo nayo ilieleweka, kwani aliyemtoa nyumbani na kumlaza kwenye kile kitanda cha chuma ni mkewe, si mtu mwingine. Pi-yun alitaka amtazame mara moja tu. Akimwona macho atajua ni lipi. Miaka yote ile alikuwa akimsoma kwa macho, hata mbali, hata gizani kando ya jukwaa.

Maana wote wawili walikuwa watu wa kikundi kimoja cha michezo ya kuimba, vile vikundi vinavyozunguka vijiji vya Yunlin na Chiayi kucheza mbele ya mahekalu. Teng-hok alikuwa mpiga ngoma. Katika kazi ile mpiga ngoma ndiye serikali: anakaa pembeni ya jukwaa na kangoma kadogo kagumu na vijiti viwili, na zeze, na matoazi ya shaba, na jemadari mwenye ndevu hadi kitovuni, wote wanamfuata yeye. Mwimbaji akitaka kuanza wimbo hupitisha ishara ya kidole au ya mkono wa joho. Mpiga ngoma huiona, na ngoma humfungulia mlango. Pi-yun aliingia kikundini kushona majoho, na kwa upungufu wa watu akasukumwa jukwaani kucheza wajakazi. Humo ndimo walimooana.

Siku moja akapigiwa simu na Dada Gek, mwenye kikundi. Dada Gek alicheza wanaume tangu ujana wake, na hata sokoni alitembea kwa hatua pana kama hakimu anayekwenda kuhukumu.

"Yun, Ong-ya anazaliwa mwezi huu."

Ong-ya ndiye mungu wa kijiji kimoja, waliyekuwa wakimchezea kila mwaka siku yake ya kuzaliwa.

"Najua, dada. Lakini watu wamekatazwa kukusanyika."

"Nani kataja watu? Mchezo ni wake yeye. Watu siku zote wanadoezea tu. Hajawahi kukosa mchezo tangu marehemu baba aanzishe kikundi, na mimi sitaki niwe wa kwanza kumnyima. Waigizaji wa mijini wanacheza kila mmoja kwake, wanarusha kwa mtandao. Binti yako si alikuachia kompyuta?"

"Mimi natazamia mapishi tu humo."

"Basi sasa utatupika sisi."

Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi Hsinchu, alimwekea programu ya kurushia mchezo na kumfundisha kwa simu, jioni baada ya jioni. Pi-yun aliona kazi yenyewe si ngeni sana. Kila mwigizaji anaingia kwa kamera ya kwake, anatokea kwenye kidirisha. Wewe unamchukua yule unayemtaka, unamweka mbele ya picha ya jumba au ya bustani, unamfungulia sauti, unamfungia. Ni kama kusimama nyuma ya pazia ukisukuma watu waingie, ila hapa husukumi mgongo, unabonyeza.

Shida zilianza kwenye mazoezi.

Mchezo waliouchagua ulikuwa wa hakimu mgeni na binti wa muuza chumvi. Dada Gek, hakimu, alikuwa Tainan sebuleni kwake, kasukuma kochi ukutani. Pei, binti wa muuza chumvi, alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake Yilan, kafunika jokofu kwa shuka la buluu. Pi-yun aliwapanga kushoto na kulia waimbiane wimbo wa kupendana. Wakaimba. Kila mmoja kampa mwenzake mgongo.

"Pei, mtazame hakimu," Pi-yun alisema.

"Si namtazama? Huyu hapa kulia kwangu."

"Kwangu mimi unatazama dirishani."

"Dirishani kuna mama mkwe anaanika vitambaa. Simpendi kiasi hicho."

"Nimesikia," ilisikika sauti ya mama mkwe kwa mbali.

Kumbe kamera humwonyesha kila mtu sura yake kama kwenye kioo, na kulia kwake ni kushoto kwa mtazamaji. Mtu wa kazi nyingine angegeuka tu, yakaisha. Lakini hawa walifundishwa tangu utoto kwamba mtu huingia jukwaani kwa mlango wa upande mmoja na kutoka kwa mlango wa upande wa pili, na anayeingilia mlango wa kutokea anakiletea kikundi mkosi. Kila walipoambiwa wageuke, miguu ilikataa. Dada Gek aliingia kwenye picha kinyume, akasimama, akatema mate pembeni kuondoa balaa, akakumbuka kwamba yuko sebuleni kwake, akaenda kutafuta tambara. Mwisho Pi-yun aliwawekea alama akilini, kama utepe mwekundu unaobandikwa jukwaani: "Msifikirie kulia wala kushoto. Pei, mpenzi wako ni jokofu. Dada Gek, mpenzi wako ni kochi." Hapo wakapatana.

Shida ya ngoma ilikuwa nzito zaidi. Aliyeshika nafasi ya Teng-hok ni Piao, mwanafunzi wake, mtu mzima mwenye duka la matairi Chiayi. Sauti ya ngoma yake ilisafiri mpaka kwa Dada Gek ikachelewa kidogo, na wimbo wa Dada Gek ukasafiri mpaka kwa Pi-yun ukachelewa tena, na vilipokutana vilikuwa kama watu wawili wanaoshuka ngazi wamefungwa mguu kwa mguu.

"Tumekuwa harusi ya walevi," Piao alisema.

Pi-yun aliishughulikia kwa siku kadhaa. Aliwaambia waimbaji wafuate ngoma tu, wasisikilizane. Kisha kwenye programu akaichelewesha ngoma kwa makusudi, punje kwa punje, mpaka ikaangukia juu ya wimbo mahali pake. Na ishara za vidole akawaambia wazishikilie muda mrefu, kama mtu anayengoja chenji dukani, ili Piao aziwahi.

Hapo ndipo Dada Gek akasema, "Na mjakazi?"

Katikati ya mchezo mjakazi wa muuza chumvi humletea hakimu chai na kumsema kwa mdomo mrefu, watu wakacheka. Sehemu hiyo ilikuwa ya Pi-yun.

"Mjakazi tumkate. Nikiacha kompyuta nani atawabadilisha? Pei ataleta chai mwenyewe."

"Ong-ya anampenda yule mjakazi."

"Atanisamehe. Mikono ninayo miwili."

Wakamkata.

Siku ya mchezo, asubuhi, Pi-yun alimpigia Wulan kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Leo saa nane mchana nitakutumia njia ya kuingilia. Si ile ya watazamaji. Nitakutumia ya waigizaji."

"Shangazi, yeye si atatazama tu? Tena kutazama kwenyewe atatazama ukuta."

"Atazame ukuta. Lakini ataingilia mlango wa nyuma kama siku zote. Kumkalisha mbele na watazamaji nitakuwa namtukana."

Wulan alicheka kidogo, akasema sawa.

Mzee Khoo, mtunza hekalu, alikuwa ameazima televisheni kubwa kwa mwenye karaoke. Aliisimamisha uani, mahali jukwaa husimama, ikimtazama Ong-ya uso kwa uso, na mbele ya Ong-ya akapanga keki nyekundu za umbo la kobe na nguruwe wa kuchoma. Kisha akafunga lango. Wanakijiji walitazama majumbani kwao.

"Yun, Ong-ya anauliza kama sauti itaongezeka," alisema kwa simu.

"Ong-ya au wewe, mjomba? Sikio lako la kushoto linajulikana wilaya nzima."

"Sote wawili. Tumezeeka pamoja."

Saa nane mchezo ukaanza. Kwanza kipande cha mababu wa mbinguni wanaoleta baraka, ambacho hakichezwi kwa ajili ya binadamu kabisa, kisha mchezo wenyewe. Jokofu na kochi vilikumbukwa. Piao alipiga kwa uangalifu, kama anayetembea juu ya matuta ya mabwawa ya kome. Pi-yun alibonyeza na kubadilisha, kavaa blauzi ya nyumbani, nywele kazikusanya kwa kibanio cha nguo, jasho likimtelemka. Kwenye kona ya kioo chake alikuwa na kidirisha kimoja ambacho watazamaji hawakukiona: mto mweupe, na kisogo.

Sauti ya kidirisha hicho alikuwa ameifunga mwenyewe, maana kwenye ukumbi wa wagonjwa kuna vikohozi na vitoroli. Lakini programu ile huonyesha chini ya kila jina mstari unaorukaruka mtu akitoa sauti, hata kama umemfungia asisikike nje. Mchezo ulipofika nyumbani kwa muuza chumvi, mstari wa Teng-hok ukaanza kuruka.

Pi-yun alidhani ni Wulan anaongea. Akatazama: Wulan hayupo. Mstari uliruka, ukalala, ukaruka mara mbili, ukalala. Akaifungulia ile sauti iingie masikioni mwake peke yake.

Ilikuwa ngoma. Si ngoma, ni kucha na vifundo vya mkono wa kushoto juu ya chuma cha kitanda. Bado kaelekea ukutani. Wala hakuwa anamfuata Piao. Piao alikuwa akipiga taratibu za hakimu kuketi. Yule wa kitandani alikuwa akipiga kitu kingine, chepesi, cha kurukaruka kama miguu midogo inayokimbia juu ya mbao.

Kila mtu wa jukwaani ana pigo lake la kuingilia. Jemadari ana lake, mjane ana lake. Hili lilikuwa la mjakazi.

Alilipiga mpaka mwisho, akangoja. Halafu akalirudia. Ndivyo sheria ilivyo: mwigizaji akichelewa, mpiga ngoma haendi mbele, analirudia pigo lake mpaka mtu atokee, hata ikibidi kumfunikia anayefunga mkanda nyuma ya pazia. Pi-yun alikaa na kidole juu ya kitufe cha kumleta Pei na chai. Pei alikuwa tayari, kikombe mkononi. Pigo likaja mara ya tatu, sasa kwa nguvu zaidi, nusu limechakaa kwa uchovu wa mkono usiozoea.

Likakoma. Na kisogo kikageuka.

Kiligeuka kidogo kidogo, kwa shida, bega likivutana na shuka, mpaka uso wote ukatokea: mdomo umekwenda upande, jicho moja zito, na jingine lile lile la zamani, linapekua kioo kutoka pembe hadi pembe. Lilikuwa jicho la mpiga ngoma anayetaka kujua ni nani huyo anayemchelewesha.

Pi-yun alimsemesha Piao sikioni. "Piga pigo la mjakazi."

"Si tulimkata?"

"Piga, Piao. Mwalimu ameshalipiga mara tatu."

Vijiti vya Piao vikashika ile miguu midogo. Pi-yun alitazama mezani: kulikuwa na kikombe chake cha chai, cha bati, kimebanduka rangi. Akakiweka juu ya kifuniko cha sufuria, akawasha kamera yake mwenyewe, akajiweka kwenye picha katikati ya jumba la muuza chumvi, na akaingia. Aliingilia upande wa kutokea kabisa. Dada Gek alimwona na ndevu zake za bandia zikatikisika, lakini hakimu ni hakimu. Akanyoosha joho na kungoja ahudumiwe.

Mjakazi akamtolea yale maneno yake yote, bila poda, na kibanio cha nguo kichwani. Akamwambia hakimu kwamba wageni wa siku hizi wanakuja na kofia kubwa na tumbo tupu, na kwamba chai ya nyumba hii haikopeshwi. Mstari wa maandishi wa watazamaji ukaanza kwenda mbio. Wengine waliuliza huyu mama wa jikoni ametoka wapi, na wengine, wa vijijini, wakawajibu kwamba huyo ndiye mjakazi mwenyewe. Pi-yun hakuyasoma. Alikuwa akisema na hakimu huku macho kayaelekeza kwenye ile kona ya kioo, na kwenye kona ile Teng-hok alikuwa akimtazama, na mkono wa kushoto ukiyatia nukta maneno yake juu ya chuma, tak, tak, pale pale palipokuwa pakitiwa zamani.

Kwa kuwa Pi-yun hakuwa kwenye kompyuta kama fundi, Pei alikaa gizani muda mrefu kuliko inavyopasa, na picha ya bustani ilipotakiwa ikaja picha ya gereza. Hakimu na binti wa muuza chumvi wakaimbiana mapenzi yao gerezani hadi mwisho. Mzee Khoo baadaye alisema Ong-ya hakulalamika.

Mchezo ulipokwisha, waigizaji waliaga mmoja mmoja.

"Yun, ukitaka kurudi jukwaani siku nyingine sema mapema," alisema Dada Gek akibandua ndevu. "Ulitaka kuniua."

"Mwalimu," Piao alisema, akiinamisha kichwa mbele ya kamera, "pale kwa mjakazi nilishika vizuri?"

Teng-hok alichezesha vidole: hivi hivi tu. Piao akafurahi kama kapewa nishani, akaondoka.

Vidirisha vikafungika, vikabaki viwili. Wulan akatokea, kavaa barakoa yake.

"Shangazi, naomba niichukue tableti. Kuna bibi wa chumba cha pili anataka kuongea na mjukuu."

Teng-hok akaweka mkono wa kushoto juu ya tableti, kidirisha chake kikawa giza tupu la kiganja.

"Haya, haya," sauti ya Wulan ilisema gizani. "Bibi atangoja. Toa mkono basi, mwalimu, utamwonaje mtu umemfunika?"

Kiganja kikaondoka. Wakatazamana. Pi-yun alikuwa amejiandaa kuyasoma macho yale, na sasa aliyaona karibu, mekundu, yamechoka, wala hayakumwambia lolote la wazi. Akaona heri kuuliza tu.

"A-Hok. Siku zote zile ulikuwa unaona haya, au ulinikasirikia?"

Mdomo ulihangaika. Ulijaribu upande mzima, ukajaribu upande uliopinda. Wulan alitaka kumsaidia, Pi-yun akamzuia kwa kidole.

"Yo," alisema Teng-hok. Akapumua. "Yote."

"Yote mawili?"

Akagonga chuma mara moja.

Pi-yun alicheka, machozi yakimfikia kidevuni, akayafuta kwa kiwiko. "Nimesikia," alisema. "Hasira bado unayo?"

Teng-hok alifikiri. Kisha akainua kidole gumba na cha shahada, akaacha nafasi ndogo katikati, kiasi cha punje ya mchele.

"Hiyo kaa nayo. Mimi ningekuwa nayo zaidi."

Akavuta kiti, akasogea hadi uso wake ukajaa kwenye kamera, asije akasingizia hamwoni vizuri, na akaanza kumweleza tangu mwanzo habari za jokofu la Yilan.